Dena Kambi, Mkaguzi wa Michoro, na Ukweli wa Mnara wa Adu

Kwa familia, majirani, na nyote mliotoka Malindi, Kilifi, Adu na kwingineko: mimi ni Purity, binti wa Kabibi, dada mkubwa wa marehemu. Dena Kambi alikuwa mjomba wangu, na ndiye aliyenifundisha kazi ninayoifanya mpaka leo. Kamati ya mazishi iliniomba nisizidi kurasa mbili na nisiseme jambo la kuwaumiza watu. La kwanza nimejitahidi. La pili limenishinda, na mkewe Gladys ameusoma wasifu huu wote kabla haujapelekwa kuchapishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa Kaloleni, mtoto wa nne wa Mzee Kambi Masha na Mama Kache, ambao wote wametangulia mbele za haki. Baba yake alikuwa mgema, na alitazamia mwanawe airithi kotama yake, kisu cha kugemea. Siku ya kwanza ya kujifunza, Dena alifika usawa wa paa la nyumba, akalikumbatia shina la mnazi na kulia mpaka akateremshwa. Ndivyo tulivyompata mtu wa kuchora minara ambaye hakupenda kuipanda.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Kaloleni kuanzia mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akaenda chuo cha ufundi Mombasa alikopata cheti cha uchoraji wa ramani za majengo mwaka 1982. Akiwa darasa la sita alimrudishia mwalimu karatasi yake ya hesabu, akasema amezidishiwa alama mbili. Mwalimu akasahihisha upya karatasi za darasa zima, na wanafunzi kumi na mmoja wakashuka. Mama yangu anasema wenzake hawakumsemesha wiki nzima, naye hakuona amekosea wapi.

Mwezi Machi 1983 aliajiriwa na ofisi ya wahandisi washauri mjini Malindi. Alianza kwa kalamu ya wino, na kompyuta zilipokuja alijifundisha akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakizikimbia. Mwaka 2001 akafanywa mkaguzi wa michoro. Watu wengi hudhani jengo hutoka kichwani mwa mtu mmoja. Mjomba alikuwa akituambia sisi tulioajiriwa ofisini baada yake: "Mhandisi anapiga hesabu, mchoraji anachora, mkaguzi anatia shaka. Asiyetia shaka akalale." Alikuwa na kalamu mbili. Kila kipimo kilicho sawa alikipaka manjano, na kila kosa alilizungushia wino mwekundu. Mchoro ulipotoka mezani kwake ulikuwa wa manjano pembe hadi pembe, na ukiona wekundu ulijua siku yako imeharibika.

Tarehe 16 Desemba 1989 alimwoa Gladys, mshonaji wa nguo, na Mungu akawajalia watoto watatu. Siku hiyo ya arusi aliusimamisha msafara nje ya kanisa, akaingia chini ya turubai na kamba ya kupimia, kwa kuwa aliona nguzo moja imelala kidogo. Baba mkwe wake akauliza kwa sauti, "Huyu amekuja kuoa au kujenga?" Nguzo ilinyooshwa, ndoa ikafungwa, na miaka thelathini na mitano baadaye Gladys anasema hakuwahi kuingia chini ya paa la mumewe akiwa na wasiwasi.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ilipendekeza niandike kwamba mwaka 2013 marehemu alistaafu. Hakustaafu. Alifukuzwa kazi tarehe 31 Oktoba 2013, na wengi wenu mnajua alivyoitwa tangu siku hiyo. Mlimwita Nondo Nne.

Mwaka huo ofisi yetu ilisanifu mnara wa tangi la maji huko Adu. Mimi ndiye niliyeuchora. Katika nguzo niliandika nondo nne za chuma mahali ambapo hesabu ilitaka sita. Mjomba aliliona kosa hilo, akalizungushia wekundu, nami nikalirekebisha kwenye kompyuta. Ila mkandarasi alikuwa akinipigia simu kila dakika kumi, nami nikachapisha faili la zamani badala ya lile jipya. Chini ya kila mchoro kuna visanduku vitatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Sisi vijana wa kompyuta tulikuwa na tabia ya kujaza herufi za mwanzo za jina la mkaguzi mapema, kabla hajagusa karatasi, ili kuokoa muda. Kwa hiyo mchoro wenye kosa ulitoka ukiwa na herufi za mjomba wangu, na mkuu wa ofisi akatia sahihi kwa kuziamini.

Jumamosi tarehe 21 Septemba tangi lilijazwa kwa mara ya kwanza ili lijaribiwe, na mnara ukaanguka. Fundi wa pampu, Bwana Kiprop, alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Watu wa Adu walirudi kuchota maji bwawani kwa miaka mitatu. Siku hiyo hiyo nilifungua kompyuta, nikayaona mafaili yote mawili, nikajua.

Katika kikao cha uchunguzi mjomba aliwekewa mchoro mbele yake, akaulizwa, "Herufi hizi ni zako?" Akasema, "Ni zangu." Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Fomu zangu za kuomba usajili wa uhandisi zilikuwa zimepelekwa mwezi uleule. Nilijiambia nitasema kesho, kisha nikajiambia nitasema nikishasajiliwa, na nilipokwisha sajiliwa nikaogopa zaidi kuliko mwanzo.

Baada ya hapo marehemu aliweka meza kwenye baraza ya duka la kunakili karatasi mjini Kilifi, akawachorea watu nyumba za vyumba viwili, vyoo na maduka. Kazi zilikuwa chache, kwa sababu jina lilimtangulia. Mimi nilipanda cheo. Mwaka 2017, katika mkutano wa kazi huko Sabaki, mkandarasi mmoja alisema, "Jamani, msituletee za Nondo Nne," wote wakacheka. Nami nilicheka. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake, akanikaribisha, akaniuliza kama nimekula.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2022. Mwezi Novemba mwaka jana alipooza upande wa kulia, akawa anaandika kwa mkono wa kushoto. Aliuguzwa nyumbani na hospitalini kwa subira, akiwasahihisha wauguzi waliokosea kuandika saa ya dawa. Alifariki mjini Kilifi Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa mbili asubuhi, Gladys akiwa amemshika mkono.

Jumatatu, Gladys alikuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mumewe ndani ya sanduku la bati. Akaniita, akatandika karatasi mezani. Ulikuwa mchoro wa mnara wa Adu, wa manjano pembe hadi pembe, na katikati duara jekundu lenye mwandiko wa mjomba: "Purity, nondo sita, si nne. Rekebisha kabla ya kutoa." Chini yake tarehe, 6 Juni 2013. Karatasi hiyo ingemsafisha siku yoyote aliyotaka. Angeitoa mfukoni pale kikaoni. Angeining'iniza barazani Kilifi, kila mpita njia aisome.

Gladys alinitazama. "Mimi michoro siijui," alisema, "lakini jina lako nalijua. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Aliisukuma karatasi upande wangu. Kisha akasema, "Basi wasifu utauandika wewe. Uandike kama unavyojua."

Jumatano nilikwenda Adu kwa Bwana Kiprop. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama mlangoni kwake. Hakunitukana, ningeshukuru kama angenitukana. Alisema: "Huyu mzee alikuja hapa mara tatu kuniona na mguu wangu. Mara tatu nilimfungia mlango. Ile ya mwisho alisimama hapo nje akasema, 'Pole sana, Kiprop,' akaenda zake. Sasa wewe unakuja leo. Mimi hiyo pole yake nitaijibu kwa nani?" Bwana Kiprop yuko nasi hapa, nyuma upande wa kulia, na ameomba awe miongoni mwa watakaomtia marehemu udongo.

Jana niliandika barua kwa ofisi na kwa wanaosajili wahandisi, nikaambatisha nakala ya mchoro ule. Wataamua watakavyoamua. Kwenu mnaonisikiliza sina ombi la kusamehewa. Ombi langu ni kwamba mkitoka hapa, mumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Marehemu ameacha mjane, Gladys, watoto watatu, Kambi, Kache na Priscilla, wajukuu watano, na dada yake, Kabibi. Nilikuwa nimejiondoa katika orodha hii. Gladys alichukua kalamu akaniandika tena kwa mkono wake: na mpwa wake, Purity.

Mungu ampe Dena Kambi amani niliyomnyima kwa miaka kumi na mmoja, ambayo yeye alinipa kila nilipobisha hodi kwake.