Kepher Ooko, Aliyeipa Kila Kazi Lugha Yake

Tunamtukuza Mungu Baba, aliyetufikisha salama siku ya leo. Kwa wakurugenzi, wakulima na wafanyakazi wenzangu: neema na amani ziwe kwenu.

Mzee Kepher Ooko anastaafu tarehe 31 Desemba 1999, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai miaka thelathini na mmoja. Alitoka ziwani akaja kupima majani mabichi. Anaondoka akiwa msimamizi wa kompyuta inayotunza kumbukumbu za kila mkulima. Miaka yote hiyo amesali kwa Kijaluo, amepiga hesabu kwa Kiingereza, na sisi Wakipsigis ametutania kwa lugha yetu wenyewe.

Mwaka huu tulikaribia kuaibika. Mama Chemutai wa Roret alimwambia meneja, mbele yetu sote, kwamba mashine yetu imejifunza kula majani kuliko ng'ombe wake. Wakulima wa upande ule, ambao kilo zao zilikuwa zikipungua vitabuni, walikuwa tayari kupeleka chai yao kwingine. Ooko hakubishana nao. Alipanda lori la majani, akashinda kituo cha kupimia majani kwenye mvua, akajionea: makarani wa Roret wamezoea kutoa uzito wa gunia tupu palepale mizanini, kisha huandika kando kwamba umetolewa. Kompyuta haikuyasoma maneno hayo, ikautoa tena.

Vijana wa ofisi walitaka marekebisho yote yaandikwe kwa lugha moja ya kompyuta. Ooko akawauliza ni nani kati yao humfukuza ng'ombe shambani kwa Kiingereza. Kisha akaandika funksheni mbili, yaani maagizo yanayokaa ndani ya hifadhidata, penye kumbukumbu zenyewe. Moja aliiandika kwa Tcl, lugha hodari ya kuchambua maneno, isome alichoandika karani. Nyingine aliiandika kwa lugha ya hifadhidata yenyewe, ifanye hesabu. Nayo haigusi uzito wowote kabla ya kumwuliza mwenzake.

Uzito wa Roret ukarudi ulivyostahili. Hakuna mkulima hata mmoja aliyehama, na lori likapanda mlima limejaa.

Jumapili ya shukrani, Mama Chemutai alileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akamwomba Ooko akiombee. Akaomba kwa Kijaluo. Hakuna aliyetafuta mkalimani. Kanisa zima likaitika Amina.

Ahsante, ndugu yetu. Nenda ukapumzike kwa heshima, na maisha mema yakufuate hadi ziwani. Nawe msomaji, Bwana akubariki, ailinde nyumba yako, na meza yako isipungukiwe.