Kamba ya Gunia la Morgan

Haya nilipewa na Dama, yule auzaye mahamri na kahawa ubavuni mwa duka la Zoeb, nami nawapa kama nilivyopewa. Dama hasemi urongo. Chumvi huongeza kwenye mbaazi peke yake. Pale dukani, mukitoka upande wa Ngome mukiingia vichochoroni, pana baraza ya saruji iliyolainika kwa kukaliwa, na kila asubuhi wakaaji ni wale wale watatu. Zoeb mwenyewe, Bohora wa kuuza kamba na misumari, huitwa Jaji, kwa kuwa kila pigano la ngumi yeye huliandikia pointi nyuma ya karatasi za kufungia misumari. Athmani huitwa Winchi. Aliendesha winchi ya kupandisha mizigo bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na mpaka leo akisema ni kama asema na watu walio chini tumboni mwa meli. Wa tatu ni Mwalimu Fondo, wamwita Taulo, kwa kuwa ndiye afundishaye vijana ngumi na ndiye ashikaye taulo pembeni ya ulingo, alitupe ndani mtu wake akizidiwa. Huyo si msemaji. Siku hiyo mwanzoni ndiyo hakusema kabisa, maana mfukoni mwa shati alikuwa na barua.

Barua ilitoka kwa mtayarishaji wa mapigano. Yataka Morgan arudiane na Awiti, na jibu lifike kabla ya Alasiri, la sivyo Morgan avue mkanda wa ubingwa apewe mwengine. Morgan ndiye bingwa wetu, mwamjua, yule kuli wa Kilindini mwenye mabega kama mlango. Miaka miwili nyuma alimshinda Awiti wa Kisumu kwa pointi moja, kwa taabu, pale ukumbini Tononoka. Tangu hapo zimekuja barua mbili za marudiano, na zote zilijibiwa hapana. Basi vitoto vya mtaani vikaanza kumpigia ukelele akipita, "Awiti yuaja, Awiti yuaja!" Naye hupita tu. Hageuki.

— Hii ni ya tatu, — Winchi akasema. — Mwalimu, na hii nayo ni hapana?

Fondo akapuliza kahawa yake. Ilikuwa imepoa zamani, Dama asema, yeye apuliza tu.

— Mwache, — akasema Zoeb. — Bingwa mwenye akili hasimami na mtu hatari mara mbili. Hiyo ni hesabu. Akishinda tena, watu watasema, ah, tushaiona hiyo. Akishindwa, hata lile la kwanza litaitwa bahati. Sasa apate nini?

— Jaji, wewe wawaza kidukani.

— Na wewe wakalia baraza ya nani?

— Nimekaa, lakini nakwambia si hesabu. Ni mbavu. Ngumi ikiingia haitoki, yakhe. Hukaa. Mimi mnyororo ulinikatikia gatini, ukapita hapa, hapa chini ya sikio. Mpaka nastaafu nikifika pale shingo yageuka yenyewe, mimi siiambii. Basi mbavu za Morgan zamjua Awiti. Wazee walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hilo laingiaje hapa?

— Si marejeo hayo? Mtu amepigana, ataka kurejea. Wakamwambia wazi, ukirejea ni ngamani, chini kabisa kule, kwenye maji machafu.

Dama akacheka mpaka hamri moja ikamuungulia mafutani. Hapo si pake methali hiyo, wanangu. Lakini Winchi methali huzinyakua popote, hata azitue juu ya gari lisilo lake.

— Lakini raundi ya tisa, — Zoeb akasema.

— Ah, ya tisa.

— Morgan chini. Uso sakafuni. Refa yuahesabu, tano, sita. Mimi nilikuwa nishainuka nitoke, nisione.

— Mimi nilifumba mato. Nikasikia watu wote kimya, nikajua kwisha. Kufumbua, yuko kwa magoti. Saba. Ameshika kamba kwa mkono mmoja, kama mtu apandaye ngazi ya meli na mzigo mgongoni.

— Nane, amesimama.

— Nane na nusu, Jaji. Tusizidishe, tusipunguze.

— Na yule Awiti. Refa ameshasema piganeni. Yeye akangoja. Akamtizama mwenziwe miguu, akaona bado yatetema, akangoja ikae. Nimeangalia ngumi miaka arubaini, mtu kumngojea adui yake apate miguu sijaona.

— Hakuna.

— Raundi ile mimi niliwapa wote wawili pointi kumi. Karatasi ninayo ndani. Nani atampa mmoja tisa?

 Wakati huo, Dama asema, hata wangepita watalii makundi kwa makundi na bendera zao, hakuna ambaye angegeuka.

Ruweida, wacha kumvuta mwenzio shuka. Nasema.

Basi, Zoeb akasogea mbele.

— Mimi nimefikiri jambo. Awiti ni mashoto. Mkono wake hatari ni wa kushoto. Ukisimama naye, mkono wake uko pale ulipo wako, kama watizama kioo. Haya niambieni, nani ashawahi kumshinda mtu wa ndani ya kioo?

— Hakuna, — akasema Winchi.

— Umeona. Ukimpiga, apiga. Ukichoka, achoka. Morgan alimshinda mara moja, na hiyo ni ajabu ya kutosha kwa umri wa mtu.

— Wacha hiyo. Mimi nina kubwa zaidi. Awiti amekulia kwenye maji ya ziwa. Maji ya ziwa hayana chumvi. Samaki wake hana chumvi. Kwa hivyo jasho la Awiti pia halina chumvi.

— Sasa?

— Jasho likimuingia matoni halimuwashi. Sisi watu wa pwani tumelowa chumvi tangu tumboni. Ikifika raundi ya sita jasho lakutoka, lakuingia matoni, wapigana kipofu. Mwenzio aona kila kitu.

— Kwa hivyo Morgan alishinda kipofu.

— Ndio namsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Athmani, hilo ni la kumkemea mtu.

— Limetaja sifa, au halikutaja?

Zoeb akamgeukia Fondo.

— Mwalimu, wewe ndiye uliye karibu naye. Ni hesabu, ni mbavu, ni kioo, ni chumvi?

— Dama, — Fondo akasema, — nitilie nyengine.

Na ile ya kwanza hajainywa. Dama akamwaga ile baridi, akamtilia. Akaona vidole vya mzee vyacheza juu ya mfuko wa shati, vyagusa barua, vyaondoka.

Hapo ndipo alipokuja Priscah, mke wa Morgan, na mtoto mgongoni. Si mtu wa kijiweni yule. Kwao kwa kuzaliwa ni Likoni, na dukani huja kwa haja zake akarudi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Starehe. Naomba kamba, Bwana Zoeb. Pima nne. Ile nene ya katani.

Zoeb akainuka, akaingia dukani, akaanza kupima kwa mikono yake miwili iliyokunjuliwa, ncha ya vidole hivi mpaka ncha ya vidole vile.

— Nene hivi ya nini? Mumenunua ng'ombe?

— Ya gunia. La mchanga, lile apigalo Morgan. Limekatika tena jana. Hii ni kamba ya tatu tangu mwezi uandame.

Zoeb mikono ikamsimama hewani, kamba yaning'inia.

— Gunia gani? — Winchi akauliza. — Si tumeambiwa amepumzika?

— Nani amepumzika? Akitoka kazini hajavua viatu, yuko uani. Siku zote, tangu pigano lile. Mtoto huyu amezoea, lisipolia gunia halali. Na ukutani amechora mtu kwa makaa, mkono wa kushoto mbele. Ndiye azungukanaye naye.

— Amemchora Awiti, — Zoeb akasema taratibu.

— Hana jina. Lakini mkono ni wa kushoto.

— Mwana wee, — Winchi akasema. — Sasa akiwa hivyo, mbona akataa?

Priscah akamtizama kama hakusikia vyema.

— Nani akataa?

 Macho yote yakaenda kwa Fondo, na Fondo akaweka finjani chini.

— Mimi, — akasema. — Barua mbili zile, mimi ndiye niliyezijibu. Niliandika bondia wangu yu mgonjwa. Hakuwa mgonjwa.

Dama asema katika miaka yote ile hajamsikia mzee Fondo kusema maneno mengi kama aliyoyasema hapo.

— Siku ile ya pigano, basi la mwalimu wake Awiti liliharibika njiani. Kijana akafika peke yake. Nyinyi hamujui, lakini sisi tuna ada. Mtu asiye na mwalimu, mwalimu wa mwenziwe humfunga bendeji mikononi, na watu wakiona. Huwezi kukataa, na huwezi kumfunga vibaya. Basi nikamkalisha, nikashika mkono wa kushoto. Nikasikia mfupa. Umefura, hapa, kwenye fundo la kidole cha kati. Nikabonyeza kidogo, kijana jasho likamtoka. Nikamwambia, mwanangu, mkono huu hauingii kwenye glavu leo. Akaniambia, funga, mzee, nimetoka mbali.

— Ukafunga, — akasema Zoeb.

— Nikafunga. Sijawahi kufunga mkono vizuri vile, hata wa wanangu. Niliufunga kama yai. Na kwa mkono ule ule ndio akamlaza Morgan raundi ya tisa. Sasa fikirini mkono huo ukiwa mzima. Nina miaka sabini na moja. Nimetupa taulo mara kumi na tatu, na kila mara nilijua ni wakati. Huyu nikimsimamisha na Awiti mzima, najua taulo sitaliwahi.

Winchi, na sauti yake ile, alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida.

— Nasi tukamwita mwoga.

— Mukamwita. Naye nilipomwambia hapana, hakunijibu neno.

Priscah akampandisha mtoto vyema mgongoni.

— Mwalimu, ule mkono Morgan aujua.

— Aujua?

— Tangu raundi ya tatu. Aliniambia usiku ule ule. Asema, kila nikipigwa kwa mkono wa kushoto, mwenzangu ndiye akunjaye uso. Mkanda mulioutundika nyinyi mawazoni mwenu, kwangu uko chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa unga. Hajautia ukutani hata siku moja. Asema si wake bado.

— Mbona hakuniambia?

— Atakuambia vipi? Wewe ndiye uliyemfundisha kusimama. Asema, Mwalimu akisema hapana, ni hapana. Mimi sitii neno kati yenu, lakini niulize moja tu. Barua zile zilipokuja, mulimuuliza yeye mwenyewe, wataka?

Basi. Lilikuwa hilo tu.

Zoeb akatizama kamba. Winchi akafungua kinywa kutafuta methali, ikamkosa, mara yake ya kwanza. Miaka miwili wamekaa pale wakihesabu pointi za mtu, na mbavu zake, na chumvi ya jasho lake, na yeye hupita mbele ya baraza ile kila siku saa kumi na moja akitoka kazini. Hakuna aliyemsimamisha.

— Sikumuuliza, — Fondo akasema mwisho.

Akainuka. Akaichukua kamba mikononi mwa Zoeb, akaivuta, akaijaribu kwa goti.

— Hii yafaa. Asifunge yeye. Fundo hajui, ndipo zakatika. Priscah, nenda nyumbani, nitakuja nilitundike mwenyewe. Kwanza napita Kilindini. Morgan hutoka kula saa sita.

— Na ukimuuliza akakwambia ataka? — Zoeb akauliza.

— Nitamfunga mikono.

Akaenda zake, kamba begani, na jua lishapanda. Dama asema hawakumwita, wala hawakumcheka mwendo wake wa mguu mmoja mzito, ambao kila siku humcheka. Winchi alivua kofia akaishika mapajani mpaka mzee alipokata kona.

Ati nini? Walirudiana, ndiyo. Walirudiana mkono kwa mkono, yote minne mizima. Nani alishinda sikwambieni mimi. Kesho saa kumi na moja Morgan atapita hapa mlangoni akitoka kazini. Mutamwamkia kwa adabu, mutamuuliza yeye mwenyewe, na vile vya "Awiti yuaja" nikivisikia kwa mmoja wenu nitajua pa kumshika. Haya, miguu ndani ya shuka. Laleni.