Mwalimu Kaza, Aliyewapigia Makofi Watoto wa Watu

Ndugu, majirani, walimu wenzake, na nyinyi wanafunzi mliokuja na jezi badala ya nguo nyeusi: asanteni kwa kufika. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu kwa sababu mimi ndiye niliyemjua muda mrefu kuliko wote hapa, na kwa sababu wifi yangu anasema sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Nikipitiliza mnisamehe. Marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa hotuba fupi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa ghala la mbegu, ile ya mwisho kwenye safu, ambayo ukuta wake wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa ghala. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yetu alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Mtoto mwenye miguu isiyotulia akakulia katika nyumba ambamo kukimbia kulikuwa kosa. Mama alikuwa akimfungulia mlango wa uani na kumnong'oneza, "Nenda kakimbie huko, ukichoka urudi." Alikuwa hachoki, na ikabidi nitumwe mimi kumfuata.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na sekondari mwaka 1976. Huko sekondari alikimbia mbio ndefu, na hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwona. Si kwamba hatukumpenda. Baba alikuwa amelala, mama alikuwa akihakikisha baba amelala, na mimi nilikuwa nimeshaanza kazi katika duka la mikate. Alikuwa akimaliza mbio anageuka kuwatazama watu, anawapitia uso mmoja mmoja, kisha anavaa shati lake na kurudi darasani. Siku moja mwalimu wake wa jiografia alimsimamisha kwenye korido akamwambia, "Jana kwenye kona ulitaka kuacha, na hukuacha." Ni hilo tu. Mdogo wangu alikuja dukani jioni ile akiwa hajui amekanyaga wapi, akanirudia maneno hayo mpaka wateja wakanuna. Alikula sentensi ile kwa miaka mingi, na nadhani ndiyo iliyomfanya awe mwalimu.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1984, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha hesabu na kusimamia michezo katika shule ile ile moja ambako wengi wenu mmetoka. Hakuhama tena. Kuna wakati alipewa nafasi ya kuwa afisa michezo makao makuu, akaenda kuitazama ofisi. Kulikuwa na meza, kabati na dirisha lililotazama ukuta. Alirudi siku hiyo hiyo na kuniambia, "Dada, pale ningekuwa napigia makofi mafaili."

Nyote mnajua alivyofanya kazi, lakini niseme kwa ajili ya wageni. Siku za mashindano walimu wengine walikaa kwenye viti karibu na mstari wa kumalizia, chini ya turubai. Yeye alisimama kona ya mbali, kwenye seng'enge, nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo moshi unakwenda na watu hawaendi. Alisema kwenye mstari wa mwisho kila mtoto anashangiliwa, lakini kona ile ndiko mtoto anakobaki peke yake na mapafu yake. Huko ndiko alikopayuka "Kaza! Kaza!" mpaka jina likamganda. Akampayukia wa kwanza, akampayukia wa mwisho, na wa mwisho alimkimbilia sambamba kwa nje ya seng'enge, tai ikiwa begani.

Kisha ilikuja Jumatatu. Asubuhi mstarini, mkuu wa shule alimwachia nafasi, naye akamtaja kila aliyeshindana, bila karatasi, na kusema jambo moja alilomwona akifanya. Hakusema nani kapata medali, hayo yalikuwa yameshatangazwa. Alisema, "Yule aliyegonga kiunzi cha pili akainuka na kuviruka vyote vilivyobaki, nimemwona." Alisema, "Msichana wa tufe amebadilisha mguu wake wa kuanzia, baada ya kukataa muhula mzima. Mpigieni makofi kwa kukubali kufundishwa." Watoto waliotoka wa mwisho walirudi madarasani wakitembea kifua mbele. Kuna mama mmoja hapa, daktari wa meno sasa, aliyeniambia jana kwamba hakuwahi kushinda mbio hata moja na hakuwahi kukosa mazoezi hata mara moja. Jumatatu ndiyo iliyomtoa kitandani.

Alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, tarehe 8 Desemba 1990. Siku ya harusi kulikuwa na fainali za kupokezana vijiti, na bwana harusi alifika amechelewa, viatu vyeupe kwa vumbi. Wifi alimtazama kuanzia chini hadi juu akasema, "Nilijua naolewa na uwanja, ila sikujua utakuja nao." Wakaishi vizuri. Yeye ndiye aliyeshona namba zote za jezi mlizovaa. Mwaka 1993 Mungu akawapa mtoto mmoja wa kike, akapewa jina la mama yetu, na kwa sababu hiyo baba yake hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mama.

Hapa wifi alinishauri nipite haraka. Sitapita haraka.

Mwaka 2007 binti huyo aliingia shuleni kwa baba yake, na alikuwa na miguu ya baba yake. Akachaguliwa mita mia nane akiwa bado mgeni. Kabla hajakimbia hata mara moja, mzazi mmoja, fundi magari ambaye mwanawe alikuwa ameachwa nje ya kikosi, alikuja chumba cha walimu na kuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, huyo wako umemweka kwa mbio au kwa damu?" Mdogo wangu akajibu, "Kwa mbio." Fundi akasema, "Haya, tutaona."

Maneno hayo yalimwingia kama mwiba. Tangu siku ile alijiwekea sheria kwamba mtoto wake asemewe na miguu yake mwenyewe. Jumatatu ya kwanza binti akiwa ametoka wa tatu, baba aliwataja wote, hadi mbeba maji, akamruka. Watu walidhani amesahau. Mezani usiku ule binti alisema, "Baba, leo umemruka mtu."

"Mama, wewe ni mtoto wa nyumbani."

"Na mstarini mimi ni nani?"

"Kula, chakula kinapoa."

Akamruka muhula uliofuata, na mwaka uliofuata. Wenzake binti walizoea, kisha wakaanza kuona aibu kwa niaba yake. Ikifika zamu ya mita mia nane walitazama viatu vyao. Alitaka kuacha mbio. Lakini akiacha, fundi magari ameshinda, na baba hatakuwa na la kumwambia tena maisha yote. Akiendelea, kila Jumatatu ni ile ile. Aliniambia dukani, akiwa ameegemea kabati la vioo, "Shangazi, nimebanwa. Mbele ukuta, nyuma ukuta." Nikampa mkate wa moto. Sikuwa na kingine.

Mwaka 2010 alikimbia fainali yake ya mwisho akatoka wa pili. Jumatatu mdogo wangu alisema, "Na katika mita mia nane…" akaomba maji, akanywa, akahamia kwenye tufe. Mkuu wa shule alinisimulia na nikaenda nyumbani kwake na hasira zangu zote.

"Wewe una nini? Unagawa sifa mtaa mzima, nyumbani kwako mtu analala njaa!"

"Dada, nimechelewa. Nikimtaja leo atauliza mbona miaka yote hii."

"Si utamjibu ulikuwa mjinga? Ataelewa, ameishi na wewe."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Akaniahidi atasema siku ya mahafali, mtoto akishavua sare. Siku ya mahafali akampa mkono kama alivyowapa wengine na kusema "Hongereni" kwa darasa zima. Ikawa atasema akimaliza chuo. Ikawa atasema akipata kazi. Kila alipoahirisha, neno lenyewe lilizidi kuwa zito, mpaka likawa halibebeki. Mwisho akasema atalisema siku ya kuagwa kazini, mbele ya shule nzima, na fundi magari angealikwa.

Tarehe 19 Oktoba 2020, miezi mitano kabla ya kustaafu, alipatwa na kiharusi akiwa ubaoni. Alilazwa hospitali ya wilaya wiki sita. Ukachukuliwa upande wa kulia wote, na ukachukuliwa ulimi. Akili haikuguswa. Alitusikia, alituelewa, alichukia uji ule ule aliouchukia zamani, na hakuweza kutoa neno. Binti akaomba uhamisho wa kazi na kurudi kumuuguza na mama yake.

Walimweka chumba cha mbele, ambacho dirisha lake linapokea sauti za uwanja. Saa za mazoezi tuliona mguu wa kushoto ukitikisika chini ya shuka. Binti alimgeuza, alimwosha, alimnyoa ndevu. Mara nyingi baba alimkazia macho akifungua mdomo, mishipa ya shingo imesimama, na binti alimfuta mate na kusema, "Basi, baba, usijichoshe." Nilikuwa nimekaa pale. Nilitamani kutoka nje nikapige kelele barabarani.

Mtaalamu wa viungo alimfundisha kubana mkono wa mtu kumaanisha ndiyo. Nikamvuta binti jikoni. "Muulize. Ule mkono unafanya kazi. Muulize kama ulikimbia vizuri."

Akaendelea kusuuza vikombe. "Nikimuuliza atabana, shangazi. Mgonjwa atafanyaje? Hana pa kwenda. Sifa ya kumkamua mtu aliyefungwa kitandani siitaki."

Nikarudi chumbani kwa mwenyewe. Nikamwambia, "Nimwambie mimi?" Kwa sababu mimi nilikuwa nayajua aliyotaka kusema. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anakuja dukani kununua mkate mmoja na kukaa saa nzima akinisimulia habari za mtoto wake, mbio baada ya mbio, na kila mara akimaliza kwa "usimwambie, nitamwambia mwenyewe." Nilipomuuliza pale kitandani alitikisa kichwa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Hapana. Daktari alikuwa amesema wapo ambao ulimi huwarudia, naye alikuwa anausubiri. Hivyo tukakaa watatu katika chumba kile, yeye hawezi, binti hataki, mimi nimekatazwa, na nje watoto wa watu wanapiga kelele uwanjani. Tulikaa hivyo karibu miaka mitatu.

Mwezi wa Juni mwaka huu wa 2023 kifua kilianza kumsumbua. Alifariki nyumbani Jumanne iliyopita, tarehe 11 Julai, saa kumi na nusu alasiri, binti yake akiwa amemwinua ili apate hewa. Ulimi haukurudi.

Marehemu ameacha mjane, ambaye bado ana jezi ambazo hazijashonwa namba. Ameacha dada, ambaye mmeshamsikia. Ameacha binti mmoja. Katika karatasi mlizoshika pameandikwa "binti mmoja" na nukta, kwa sababu aliniomba nisimwandike zaidi ya hapo. Nimemtii kwenye karatasi. Lakini aliyenikataza kusema ni baba yake, na alinikataza kwa kuwa alitaka kusema mwenyewe. Sasa hawezi tena, basi katazo limekwisha.

Mwanangu, siku ya fainali aliyekuwa nyuma yako alikukanyaga kisigino kwenye ile kona, raba ikakutoka. Watu walicheka ulipofika kwenye mstari wa kumalizia na mguu mmoja peku. Baba yako alikuwa umbali wa hatua chache tu. Aliniambia kila mtu anayevuliwa kiatu mbioni hutazama chini, hata kidogo, hata bingwa. Ni mwili tu unaofanya hivyo. Maneno yake ni haya, nimeyasikia mara nyingi mno, siwezi kuyakosea: "Hakutazama chini. Alikuwa wa nne, akawapita wawili kwa mguu peku kwenye kokoto, na hakutazama chini. Dada, nimesimama kona ile maisha yangu yote na sijaona mwanafunzi kama yule. Nilishindwa hata kusema kaza. Nilikuwa nalia."

Hakuna aliyemkamua. Alisema akiwa mzima, amesimama dukani kwangu, na mkate wake mkononi.

Nanyi mliovaa jezi, najua mnajua la kufanya Jumatatu. Leo ni Jumatatu. Mpigieni makofi binti huyu.

Na wewe, mdogo wangu, lala. Nimekusemea.