Suti Iliyokaa Kivulini

Mpiga picha hakuwa na msaidizi, hakuwa na betri ya akiba, wala hakuwa na mtu wa kumwonyesha mkurugenzi ni yupi. Basi kwenye siku ya michezo ya kampuni alimwandama kwa kamera mzee mwenye suti aliyekaa kivulini hadi betri ikaisha, kumbe ni dereva. Mkurugenzi alikuwa matopeni, amevaa fulana, akivuta kamba na wafanyakazi wake.

Sasa mpiga picha alikuwa ndani ya treni ya asubuhi. Mapajani alishika bahasha yenye kadi ya kamera na barua ya kukiri kosa kwa kampuni. Mama mshonaji, jirani yake wa kiti, alikwisha kuisoma barua hiyo kwa jicho la pembeni, bila haya.

"Unajichongea, baba," akamwambia. "Sema kamera iliharibika."

"Kamera ni nzima, mama. Mbovu ni mimi."

"Mwakani hawakuiti!"

"Najua. Lakini nikisema iliharibika, picha za yule mzee nitazitoaje? Kila nikimgeukia alinyoosha tai. Akaniuliza kama zitatoka vizuri. Nimewaomba wampe picha zake."

"Naye alishindwa kusema yeye si bosi?"

"Sikumwuliza."

"Lo! Mmekutana wawili!"

Treni ikafunga breki. Mama alikuwa bado anamhesabia hasara zake kwa vidole. Mpiga picha akalamba gundi, akaifunga bahasha, akashuka mbio na kuitumbukiza katika sanduku la posta kabla miguu haijabadili nia.