Mageti Yote Mawili: Bi Winifred Oldroyd Aaga Kivuko cha Skelbeck

Ijumaa ya tarehe 27 Septemba 2019, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Winifred Oldroyd atafunga na kufungua mageti ya kivuko cha reli cha Skelbeck kwa mara ya mwisho. Mwandishi wa maneno haya ni dereva wa treni katika njia hiyo, na ameombwa aandike kwa ufupi. Atajaribu.

Bi Winifred alianza kazi mwaka 1988. Alipewa kivuko kwa sababu nyumba yake ipo hatua chache kutoka relini, na waliomtangulia walikuwa na ugonjwa wa kuchelewa. Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi: simu inalia kutoka kituoni, unatoka kibandani, unafunga geti la upande wa kanisa, unavuka reli, unafunga la upande wa baa, kisha unapunga bendera ya kijani na treni inapita. Sasa ifanye kwenye mvua ya Yorkshire, ambayo huanza Oktoba na kumalizika ikijisikia. Ameifanya theluji ikiwa magotini. Ameifanya hata asubuhi ya harusi ya binti yake, na kofia ya manyoya kichwani, kwa kuwa aliyepaswa kumpokea zamu alipitiwa na usingizi.

Ulimi wake sisi madereva tunaufahamu vizuri. Ukichelewa kidogo unamkuta amesimama mikono kiunoni: "Umepitia wapi leo, kipenzi? Skotilandi?" Ukiwahi, hakusifu hata kidogo. Anakuuliza kama mkeo amekufukuza nyumbani.

Lakini wasifu huu utakuwa wa uongo usipolitaja neno letu la Kiingereza "either". Sote hapa tumelinyonya na maziwa ya mama, na bado hatukubaliani hata kulitamka: Win, kama tunavyomwita, husema "aida", mumewe Norman husema "ida", na ndoa imedumu. Tatizo lake ni jingine. Ukiambiwa uketi kwenye kiti "either", unachagua kimoja kati ya viwili. Ukiambiwa kuna maua "either" ya pande za njia, yapo pande zote mbili. Neno ni lilelile. Na kibao cha kivuko chetu, kilichotundikwa kabla ya Win kuajiriwa, kiliamuru kwa neno hilohilo: geti lifungwe "either" ya pande za reli.

Mwaka 2014, majira ya kuchipua, Win aliumwa na jino. Nafasi yake ikashikwa na Bwana Clifford Bairstow, mtu makini, mzoefu wa kivuko cha mbali chenye geti moja refu. Clifford alikisoma kibao, akakisoma tena, akafanya alivyoelewa. Alifunga geti la upande wa kanisa, la upande wa baa akaliacha wazi, akapunga bendera ya kijani.

Treni ile nilikuwa naiendesha mimi. Nilichoona kwanza ni Win, katika gauni la kulalia, shavu limevimba, rola za nywele kichwani, akikimbia kandokando ya reli huku akipeperusha kitambaa chekundu cha kufutia vyombo. Alikuwa ameliona geti lililo wazi kupitia dirisha la jikoni. Nilivuta breki kabla sijajua kwa nini. Ndipo nikaliona gari la mikate la Bi Enid Sugden, limesimama katikati ya reli, injini imezimika kwa hofu. Namshukuru Mungu kwamba pale huwa tunapunguza mwendo kwa ajili ya kituo. Treni ilisimama karibu kiasi kwamba niliuona uso wa Enid, na sijausahau. Hakuna aliyeumia. Abiria walishuka, na maandazi yote ya gari lile yaliliwa palepale, na Enid hakutaka hata senti.

Clifford aliketi kwenye ngazi ya kibanda, mweupe kama chokaa. "Nimekisoma mara mbili, Win. Kinasema 'either'. Nikachagua la kanisa."

"Na mimi miaka yote hii nakisoma naelewa mawili," alijibu Win, akimshika bega. "Umefanya kilichoandikwa, Cliff. Kunywa chai."

Tangu siku hiyo alikuwa na vita moja tu: neno lile litoke. Mkuu wa njia yetu, Bwana Rupert Fanshawe, alimjibu kwa upole kila mwaka. "Bi Oldroyd, kila mtu anaelewa." "Clifford naye ni kila mtu," alijibu Win. Muda wa kustaafu ulifika, ukapita. Norman alikwishanunua karavani ya kwenda pwani ya Whitby, nayo ikaota ukungu uani. "Nikiondoka, atakuja mgeni," alituambia. "Atakisoma kibao kile. Na mimi nitakuwa Whitby nakula samaki na chipsi. Sitazimeza."

Kibandani alilipiga neno marufuku. Sisi ni watu wa adabu iliyopita kiasi, hata ukituuliza tunachotaka tunaona aibu kutaka. Kwa hiyo aliyeulizwa "Chai au kahawa?" akajibu "Either" aliletewa kikombe kimoja, nusu chai, nusu kahawa, na maziwa juu. Nilikunywa mara moja. Sikurudia kosa.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, Bwana Fanshawe alikuja mwenyewe kumbembeleza apange tarehe ya kuondoka. Nilikuwepo.

"Chai au kahawa, Bwana Fanshawe?"

"Either, mama, usijisumbue."

Nilitazama dirishani. Mkuu alipiga funda, na malezi yake hayakumruhusu kutema. "Hii ina... nguvu," alisema.

"Umesema 'either'. Nimeelewa zote mbili. Ulitaka moja?"

Alikiweka kikombe mezani. Kisha alitoka nje na kusimama mbele ya kibao. Mwezi Julai kilikuja kipya, chenye maneno ambayo hata kondoo wa Bwana Metcalfe wangeyaelewa: funga mageti yote mawili. Siku ile ile Win akampa tarehe yake.

Jumatatu iliyopita mrithi wake, Bi Nusrat Mirza wa Bradford, alifanya zamu yake ya kwanza peke yake. Win alikataa kumwelekeza chochote kuhusu mageti. Alichukua kikapu chake cha sokoni, akaenda kusimama barabarani upande wa baa kama mpita njia yeyote. Mimi nilikuwa nakuja na treni, mkono kwenye breki. Nusrat alitoka, akakisoma kibao, akafunga upande wa kanisa. Akavuka reli. Akafunga upande wa baa, mbele ya pua ya Win, akamwambia, "Samahani mama, subiri kidogo treni ipite." Nilipopita nilimwona Win ameshika geti kwa mikono miwili, analia wazi, anacheka. Nilipiga honi ndefu kuliko kanuni inavyoruhusu.

Asante, Win. Tunakuombea wewe na Norman siku njema, afya na hewa ya bahari. Sote tuliopita Skelbeck mikononi mwako tulifika nyumbani.