Mama Ernestina Akimana wa Nyumba ya Wanawake, Umbilo

Ndugu waombolezaji, mimi Pascal Nimbona, mtoto wa dada wa marehemu, nitasoma kwa sauti ya chini kwa niaba ya familia, na mtanisamehe, kwani siku hizi sote tunaogopa kusikika.

Mama yetu mdogo, Ernestina Akimana, alizaliwa tarehe 12 Februari 1951 huko Rumonge, Burundi, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1964, kisha akajifunza ushonaji, kazi iliyomlisha hadi mwisho. Mwaka 1971 alifunga ndoa na marehemu Bizimana, wakajaliwa mtoto mmoja, Irakoze, anayetusikiliza sasa kwa simu kutoka Kigoma.

Alifika Durban, Afrika Kusini, mwaka 2006. Mei 2008, wageni walipofukuzwa, jirani yake wa mtaa wa Cato Manor aliwaonyesha vijana mlango wake kwa kidole, wakamtoa nje na kuvunja cherehani yake, na tangu hapo hata ndani ya taxi alijifanya bubu, lafudhi isije ikamchongea. Mwaka 2009 alipokelewa Umbilo, katika nyumba ya hisani iliyojengwa zamani kwa ajili ya wanawake wazee wafanyakazi, ambamo tangu mwanzo mwanamume havuki sebule. Aliipenda sheria hiyo kuliko chakula, nami, mtoto wa dada yake, sikuwahi kukiona chumba chake.

Jumanne tarehe 14 Aprili 2015, mji ukiwa umechafuka na wageni wakiwindwa tena, wazee wenzake walisukuma kabati mlangoni. Moyo uliomsumbua tangu 2012 ukambana akiwa peke yake ghorofani, akampigia simu daktari wake, naye akatuma ambulensi bila wale wa chini kujua. Wanaume wawili wakagonga, wakasema wamemfuata yule mama wa Burundi.

Gogo Nomusa, yaani Bibi Nomusa, jirani yake wa chumba, aliwajibu kutoka nyuma ya kabati, "Eish, hapa hakuna mgeni. Sisi wote ni wa hapa."

Hadi walipoelewana kwamba wale ni watu wa ambulensi na kabati likaondolewa, mama alikuwa ameshatutoka.

Tunamshukuru daktari, washonaji wenzake wa kazini kule Clairwood, na wazee wote wa nyumba ile. Gogo Nomusa, tumeambiwa huli tangu Jumanne. Kula, mama. Tukimaliza, tafadhali tutoke wachache wachache, tusizungumze njiani.

Mama mdogo, ulichoogopa ni kwamba wakija tena kukuulizia, jirani atakuonyesha kwa kidole. Walikuja, wakauliza, na jirani hakukuonyesha. Pumzika kwa amani, usiogope tena.