Mbegu za Makaburini Hazimwagwi Leo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Malisho, karibu tena Rujm Shiha. Kahawa ya iliki unayokunywa imepikwa na mkubwa wetu Hajja Wadha mwenyewe, na birika bado limejaa.

HISTORIA
Mteremko huu wa mawe ulioko mbele yako ulikuwa na maua mekundu yanayofika magoti ya mbuzi. Ukame na kwato vikaumaliza. Maua yakabaki makaburini tu, maana ukuta unazuia mbuzi. Huko ndiko tunakookota mbegu za kuurudishia mteremko, kwa vidole, kati ya mama zetu na waume zetu waliolala pale. Tunazichanganya na shayiri na dengu za malisho, zishike udongo.

MAFANIKIO
Mwaka jana ulikuja wakati wa jua kali, ardhi inaunguza nyayo, ukataka tupande siku hiyohiyo. Tukaona haya kukukatalia, tukamwaga mbegu mbele ya kamera. Kabla gari lako halijawashwa, sisimizi walishapanga mstari.

"Jamani, tunapanda au tunalisha?" mwenzetu Fidda akauliza.

"Nyamaza wewe, mgeni anapigwa picha!" Hajja akamkemea.

Mvua ilipofika haikukuta hata punje. Ila Hajja alikuwa ameficha konzi mbili kwenye mtandio wake. Alizipanda nyuma ya hema lake baada ya mvua ya kwanza, na pakachanua mpaka nyuki wakaja. Mafanikio yetu ndiyo hayo.

CHANGAMOTO
Changamoto ni tarehe yako. Juzi afisa wako alitwambia, "Msipopanda siku ya sherehe, mteremko wanapewa wachimba kokoto."

Hajja akamwuliza, "Mwanangu, na mvua nayo umeipelekea barua ya mwaliko?"

Afisa alimaliza kahawa yake, akaaga.

MAOMBI
Hatuombi pesa wala trekta. Tunaomba utuache tungoje mvua iloweshe udongo kina cha kidole, na baridi iwarudishe sisimizi shimoni. Tukimwaga leo, mbegu nyingine hatuna. Na hao wachimba kokoto ukiwaleta, watatukuta hapahapa.

Viti vyekundu vya mbele ni vyenu. Sisi tumekalia magunia ya mbegu, kama unavyotuona, na hatuinuki. Nimesimama mimi peke yangu, kwa ajili ya kusoma. Nikimaliza narudi kukaa juu ya langu.

Mungu akufikishe kwako salama, akurudishe pamoja na mvua, umevaa viatu vya matope.

Ni sisi,
Kina Mama wa Rujm Shiha.
Msomaji: Umm Sayil